Majina yanayofanana: Soundex au umbali wa Levenshtein?

Orodha ikichanganya watu, wahusika wa hadithi na mimea, majina hugongana haraka. Dahl alikuwa mtaalamu wa mimea wa Uswidi, dahlia ni ua lililopewa jina lake, na Dalia ni jina la mtu. Soundex, njia ya kugeuza jina kuwa msimbo kulingana na matamshi yake ya Kiingereza, huyapa yote msimbo mmoja, D400: herufi ya kwanza hubaki, irabu na h huachwa, l huwa 4, kisha sifuri hujaza nafasi.

Kwa kasi, Soundex inashinda wazi. Msimbo hukokotolewa mara moja na kuhifadhiwa kwenye safu yake, ilhali Levenshtein, inayohesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili jina moja liwe jingine, ikitumika peke yake hulinganisha jina unalotafuta na kila jina lililopo.

Kwa uhakika mambo hugeuka. Soundex hushikilia herufi ya kwanza, hivyo Kamel, mtaalamu mwingine wa mimea (K540), halingani kamwe na camellia (C540), ingawa ua hilo limepewa jina lake. Pia Dalia na Daria hutengana, kwa sababu r ni 6. Kwa msemaji anayechanganya l na r, hilo ni pigo kubwa. Levenshtein huona tofauti ya herufi moja tu. Lakini ukiruhusu tofauti mbili, Rosa atakuletea Rita! Kwa majina ya herufi nne, ruhusu moja.

Viola, mhusika wa Shakespeare, na Viola, jenasi ya mimea, hazitenganishwi na njia yoyote kati ya hizi. Ongeza safu ya aina: mtu, mhusika, mmea.

Orodha ndefu yenye tahajia za Kiingereza, anza na Soundex. Orodha fupi yenye makosa ya uchapaji, Levenshtein.