Lexol kwenye viti vya ngozi vya Harrier: chupa ya kusafishia ndiyo yenye kazi kubwa

Nimetumia dawa za ngozi za Lexol zote mbili, ya kusafishia iliyo kwenye chupa ya rangi ya chungwa na ya kulainishia iliyo kwenye chupa ya kahawia, kwenye viti vya ngozi vya rangi ya maziwa vya Toyota Harrier inayoshinda juani Dar es Salaam. Maoni yangu nayatanguliza: mwenye hela ya chupa moja anunue ya kusafishia. Wengi wanafanya kinyume. Wananunua ya kulainishia peke yake, wanaipaka juu ya uchafu, kisha wanashangaa ngozi inazidi kuwa nyeusi na kukakamaa.

Sababu iko kwenye ngozi yenyewe. Ngozi ya viti vya magari ya siku hizi haiko wazi kama ya mkanda au kiatu cha kienyeji. Kiwandani inapakwa rangi, na juu ya rangi unawekwa utando mwembamba wa jamii ya plastiki. Ukikaa, unachogusa ni utando. Jasho, mafuta ya mwili na losheni hunasa hapo, vumbi linajichanganya nayo, na kila unapopanda na kushuka mchanga ule unasaga kama msasa. Ndiyo maana kiti cha dereva hutangulia kuchakaa kwenye ukingo wa upande wa mlango. Hakijakosa mafuta, kimesagwa. Na kile kiti kinachong'aa ambacho wauzaji wa magari wanakisifia, mara nyingi kinang'aa kwa mafuta ya watu au kwa polishi ya silikoni. Ngozi ya namna hii ikiwa safi haimetimeti, inatulia machoni.

Kabla ya kugusa dawa yoyote, weka tone la maji mahali pasipoonekana na usubiri dakika moja au mbili. Likibaki limesimama, ngozi ina utando na haya ninayoeleza yanaihusu. Likizama na kuacha doa jeusi, ngozi haina utando, na hapo usisugue, tafuta fundi anayeijua. Ngozi ya manyoya (suede), ile ya kupapasa kama kitambaa, haifai kabisa kwa dawa hizi. Jambo jingine la kujua ni kwamba kwenye magari mengi ya Kijapani ngozi halisi iko pale unapokalia na unapoegemea tu. Pembeni, nyuma ya kiti na milangoni ni ngozi bandia. Dawa ya kusafishia inafaa kote, lakini kupaka ya kulainishia kwenye ngozi bandia ni kuimwaga bure.

Gari liwe kivulini na viti viwe vimepoa. Kwenye kiti cha moto dawa inakauka kabla hujaifuta, inaacha mabaka, na uchafu uliokwisha kung'oka unarudi kukaa palepale.

Anza kufyonza vumbi, tena bila haraka. Sukuma kiti hadi mwisho wa reli, panua kwa mkono ule mwanya kati ya kikalio na mgongo wa kiti, kisha pitisha mdomo mwembamba wa mashine. Asiye na mashine atumie brashi kavu ya kupakia rangi ya inchi 2, inatoa mchanga wa kwenye mishono vizuri sana. Ukiruka hatua hii, mchanga huohuo ndio utakaouburuza na brashi na kuchora ngozi. Chini ya viti vya mbele kuna nyaya zenye soketi za njano. Hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama, zisimwagiwe maji wala kuchomolewa.

Dawa siipulizii kwenye ngozi. Naipulizia kwenye brashi ya nywele laini iliyoloweshwa kidogo, mara mbili au tatu, halafu nasugua eneo la kama sentimita 30 kwa 30 kwa kuzungusha bila kukandamiza. Povu likishageuka kijivu au kahawia nalifuta hapohapo kwa kitambaa cha maikrofaiba kilichokamuliwa, kabla halijakauka, na kitambaa nakisuuza kwenye ndoo ya maji safi. Narudia mpaka povu litoke jeupe. Kiti cha dereva kilichokaa mwaka bila kusafishwa kinataka raundi 2 hadi 3, vya nyuma moja inatosha. Usafi wa kwanza wa viti vyote ulikula kama mililita 80, na unaofuata kama 40. Kwa mwendo huo chupa ya nusu lita inapita mwaka.

Viti vyenye matundu madogo vina adabu yake. Dawa ikiingia matunduni inakauka mle na kuacha vidoti vyeupe, na maji yakifika kwenye sponji ya ndani ya kiti yanachukua muda mrefu kutoka. Hapo naweka povu tupu kwenye kitambaa, nafuta kwa mwelekeo mmoja, na brashi nailaza bila kuichomeka. Ukishaona vidoti, kijiti cha meno na subira ndiyo njia pekee ninayoiamini.

Jihadhari na hili: kwa viti vyeusi tumia kitambaa cheupe, na ukiona rangi ya kiti inakuja kwenye kitambaa baada ya uchafu kwisha, simama. Kwa viti vya rangi ya maziwa dalili utaihisi kwa mkono. Sehemu ikianza kunata, utando umelegea. Mara nyingi chanzo ni alichotumia mwoshaji aliyetangulia. Sabuni ya unga ina asili ya magadi, wakati ngozi ina asili ya uchachu kidogo, 4 hadi 5 hivi kwenye pH, kipimo cha uchachu na magadi. Ikirudiwa kila wiki inadhoofisha utando na kukausha kilicho chini yake. Hii ya Lexol imesawazishwa pH, na hilo ndilo ninalolilipia. Ile sponji nyeupe ya kufutia kuta nayo isikaribie ngozi. Inafuta doa kweli, lakini kwa kusaga utando, na mahali hapo ndipo patakaposhika uchafu kwanza safari ijayo. Petroli, tina na dawa ya kutolea rangi ya kucha zinayeyusha rangi ya kiti upesi.

Madoa hayalingani. Rangi ya jinzi ikifutwa ndani ya siku chache inatoka karibu yote, ikikaa miezi kwenye joto inaingia utandoni na hapo dawa hii inaipunguza tu. Wino wa kalamu usisugue hata kidogo, unautawanya. Bonyeza kwa kitambaa chenye dawa, geuza upande safi, bonyeza tena, na uridhike na kitakachotoka. Ukungu unaoota gari likifungwa wakati wa masika ufute kwanza bila maji, gari likiwa nje, kwa kitambaa utakachokitupa, ndipo usafishe na kuliacha gari wazi mpaka sponji ikauke. Ukifuta juu na kufunga milango ndani kukiwa na unyevu, utarudi wiki ijayo.

Sasa chupa ya kahawia. Nayo ni nzuri, ila ipewe kazi yake. Mafuta yake hayapenyi sana utando ulio mzima, yanaingia zaidi kwenye mishono, kwenye mikunjo na kwenye nyufa ndogo, na yanapunguza msuguano juu. Kiti kikishakauka saa moja milango ikiwa wazi, natia kijiko kimoja cha chai kwenye sponji, hicho kinatosha kiti kizima. Natandaza wembamba, nasubiri dakika 20, kisha nafuta yote yaliyobaki kwa kitambaa kikavu. Kesho yake ukipitisha kidole kikateleza, uliweka mengi, na vumbi litayafuata. Mara mbili kwa mwaka inatosha, mara tatu kwa gari lisilo na kivuli. Kiti cha dereva nakisafisha kila baada ya wiki 6, vingine kila miezi 3 au 4. Mafuta ya nazi na ya mgando yaliyozoeleka majumbani siyashauri kabisa. Yanabaki juu, yanashika vumbi, na yakipita kwenye nyufa yanatia giza ngozi na kuzuia rangi mpya kushika siku utakapotaka kukarabati.

Nyufa zilizokwisha funguka na sehemu iliyopoteza rangi hazirudi kwa dawa hizi mbili, na hakuna chupa ya kulainishia itakayozirudisha, hata lebo ikisema nini. Hapo kazi ni ya kujaza ufa, kupiga msasa mwembamba na kupaka rangi ya ngozi na utando mpya juu yake. Dawa ya viatu si mbadala. Haina utando wa kuishikilia, inahamia kwenye shati jeupe siku ya kwanza ya joto, na fundi atakayekuja kupaka rangi ya kweli itabidi aanze kwa kuing'oa yote. Ukipata fundi huyo, mpelekee viti vikiwa vimesafishwa na visiwe na mafuta ya wiki hizo za karibuni. Rangi haikai juu ya kiti kilicholainishwa jana.