Uzoefu wangu na kipimo cha kuotesha mkojo, baada ya UTI kugoma dawa

Miezi minne, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) tatu. Mara ya kwanza nilipimwa kwa kijiti cha kuchovya kwenye mkojo tu, nikapewa antibiotiki ya siprofloksasini, nikapata nafuu. Baada ya wiki tatu ikarudi: haja ndogo kila baada ya dakika chache, matone mawili matatu, na yanachoma kama pilipili. Nikapewa dawa ileile, haikugusa kitu. Ya tatu nikapewa amoksilini, nayo ikapita bure. Ndipo daktari mwingine aliposema, "Hapa hatubahatishi tena. Tuoteshe mkojo." Yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara, ijulikane ni wa aina gani na dawa ipi inawaweza.

Kazi yote iko kwenye kukinga mkojo, na hilo nilielezwa juujuu. Majibu ya kwanza yalisema bakteria wamechanganyika, yaani wa ngozini nao waliingia kikoponi, nikarudia. Safari hii nilinawa vizuri, mkojo wa mwanzo nikauacha uende, nikakinga wa katikati bila kikopo kugusa mwili. Kikopo kifike maabara ndani ya saa 2, la sivyo kiwekwe kwenye friji, maana bakteria huendelea kuzaana humo. Na ukinge kabla hujaanza dozi mpya.

Mtaalamu wa maabara alinionyesha sahani yangu. Juu ya utando wa bakteria waliooteshwa kulikuwa na vipande vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa. Kuzunguka karatasi ya dawa iitwayo nitrofurantoini palikuwa na duara safi, bakteria hawakuota. Kwenye siprofloksasini walikuwa wameota hadi ukingoni kabisa mwa karatasi. Nilisimama nikiitazama, nikikumbuka dozi mbili nilizomeza. Kila dozi ya kubahatisha huua walio dhaifu na kuwaachia sugu uwanja.

Karatasi ya majibu ilisema bakteria ni Escherichia coli, zaidi ya 100,000 kwa mililita ya mkojo. Herufi R, yaani sugu, kwa amoksilini, kotrimoksazoli na siprofloksasini. S, yaani dawa inafanya kazi, kwa nitrofurantoini na fosfomaisini. Nikapewa nitrofurantoini siku 5, nimeze pamoja na chakula. Siku ya tatu maumivu yalikwisha. Mkojo uligeuka kahawia nikashtuka sana. Ni dawa tu, ila wangeniambia mapema.

Kasoro yake ni kungoja. Siku 3 ukiwa na maumivu ni nyingi mno. Pia herufi S peke yake haitoshi: nitrofurantoini hufanya kazi kwenye kibofu lakini haitibu figo, kwa hiyo mwenye homa na maumivu ya ubavuni amwone daktari haraka, asijichagulie dawa kwa kusoma karatasi.

Kwa mwanamke asiye mjamzito anayeugua UTI nyepesi kwa mara ya kwanza, naona si lazima. Iliyorudi, iliyogoma dawa, ya mjamzito au ya mwanamume, omba kuoteshwa kabla ya kumeza kidonge kingine. Karatasi yangu nimeitunza. Ikirudi tena, daktari ataiona kabla hajashika kalamu.