Tathmini: Picha za Paula Rego Kuhusu Utoaji Mimba

Sanaa inayopinga sheria fulani mara nyingi huchakaa pamoja na sheria hiyo, lakini picha za pasteli (vijiti vya rangi kavu vinavyofanana na chaki) alizochora Paula Rego mwaka 1998 kuhusu utoaji mimba hazijapoteza makali, na kwa maoni yangu makali hayo yanatokana zaidi na yale ambayo mchoraji alikataa kuyaonyesha. Hakuna damu, hakuna daktari, hakuna mwanamume. Kuna chumba, kitanda, ndoo, na mwanamke aliyeachwa ahangaike peke yake.

Rego, mzaliwa wa Lisbon aliyeishi London hadi alipofariki mwaka 2022, alizichora kwa hasira baada ya kura ya maoni iliyofanyika Ureno Juni 1998. Pendekezo la kumruhusu mwanamke atoe mimba kwa hiari yake katika wiki 10 za mwanzo lilishindwa kwa tofauti ndogo mno, takriban asilimia 51 kwa 49, na waliojitokeza kupiga kura walikuwa karibu theluthi moja tu. Wengi, basi, waliona suala hilo haliwahusu, na naamini hao ndio picha hizi zinaowakodolea macho.

Katika picha moja mwanamke amelala chali, miguu imewekwa juu ya viti viwili vya kukunja, naye ameishika kwa mikono yake mwenyewe huku akitutazama bila kupepesa. Viti vya kawaida vimegeuzwa vifaa vya tiba, na hapo unaona waziwazi kwamba marufuku haikuzuia tendo lenyewe, bali ililiondoa hospitalini na kulisukumia chumbani. Mapaja ni mazito, misuli imekaza, na pasteli imesuguliwa kwa nguvu kiasi kwamba mwili unaonekana kuwa na uzito halisi. Katika nyingine yumo msichana aliyevaa sare ya shule. Rego hamchori ili tumwonee huruma, na hilo nalithamini kuliko yote: maumivu yapo, aibu haipo. Mwenyewe alisema hadharani kwamba aliwahi kutoa mimba alipokuwa mwanafunzi London, na ujuzi huo unaonekana katika kila mkao.

Mwaka 1999 alitengeneza pia chapa kwa mabamba yaliyochorwa kwa asidi, ili picha ziwafikie watu wengi zaidi. Chapa hizo hazina uzito wa pasteli, ila ndizo zilizosafiri, na kabla ya kura ya maoni ya pili kuhusu suala hilohilo, Februari 2007, picha zake zilichapishwa katika magazeti ya Ureno. Safari hii takriban asilimia 59 waliunga mkono, na sheria ikabadilishwa mwaka huohuo. Sidai kwamba picha peke yake zilileta ushindi huo, ingawa ni vigumu kutaja kazi nyingine ya rangi na karatasi iliyoingia katika mjadala wa sheria kwa karibu namna hiyo.

Lawama yangu inahusu namna zinavyoonyeshwa. Picha nyingi kati ya hizi hazikupewa majina, na jumba la sanaa linalozitundika bila kueleza habari za kura ya 1998 linamwacha mgeni adhani anatazama wanawake wagonjwa tu. Anayekwenda kuziona asome kwanza historia ya kura hizo mbili, kisha, akiweza kuchagua, aanze na pasteli kabla ya chapa.