Video Chess ya Atari (1979): kazee ka KB 4 kalikonikosesha usingizi

Jameni mie si mtu wa magemu ya zamani kabisa, lakini mwaka 2025 kuna mhandisi mmoja Marekani aliipambanisha ChatGPT na hii chesi ya Atari, ChatGPT ikapigwa vibaya sana, tena kwa levo ya wanaoanza. Nikasema lazima nikaone haka kazee. Nikaweka Stella, ile programu inayoigiza Atari 2600 (mashine ya zamani ya magemu ya kuchomeka kwa TV), kwa laptopu yangu chakavu, nikapakia gemu lenyewe, KB 4 tu! Zile picha za Ijumaa Mubarak anazotuma shangazi kwa grupu la familia kila wiki ni kubwa kuliko hii kwa mbali.

Nianze na aibu yangu. Levo ziko 8, mie nikachagua ya 8 nikidhani ndio kali, nikashinda, nikatoka mpaka baraza letu Kibokoni, hapa Mombasa, kujigamba. Kumbe 8 ndio ya kujifunzia, kali ni 7. Kuna ami mmoja pale hucheza drafti na kila apitae, nilipomweleza alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu, akaniambia "mwanangu, wewe umempiga mtoto wa chuoni."

Sasa muonekano. Usitarajie kitu. Mashine ile kwa kawaida haikuweza kuonyesha kete 8 kwa mstari mmoja, ikawa wamezichora kwa kuruka mistari, basi farasi na askofu wawaona mistari mistari kama unamchungulia mpita njia kupitia mbao za madirisha ya Mji wa Kale. Dakika tano za mwanzo macho yauma, baadaye wazoea. Kete wasogeza kwa vibonye vya mishale, F1 ya kubadilisha levo na F2 ya kuanza upya, mambo kwisha.

Kitu kilichonimaliza ni vile inavyofikiri. Ukishacheza wewe, bodi yote yatoweka! Skrini yaanza kubadilika rangi tu, mara zambarau mara kijani, mara ya kwanza nilidhani laptopu ndio imekufa. Sababu ni kwamba Atari ile prosesa yenyewe ndio huchora skrini, mstari kwa mstari, kwa hivyo ikiwaza haina nafasi ya kuchora, ni moja kati ya mawili. Na kumbukumbu ni baiti 128. Hebu piga hesabu, miraba ya bodi ni 64, ukiipa kila mmoja baiti moja nusu ya akili ishakwenda na hujawaza lolote bado. Walioandika hii kitu, wallahi, niwavulia kofia.

Mchezo wenyewe levo ya 3 ni mtamu. Ukiacha kete ovyo inaila bila huruma, na mara mbili ilinipokonya malkia nikiwa najiona bingwa. Ila mwisho wa mchezo ndio haijui kabisa, ilikuwa na ngome zaidi yangu ikabaki kuzungukazunguka nayo kama mtalii Fort Jesus, mpaka nikaponyoka. Kama wewe ni mchezaji wa klabu utaichoka siku mbili, sikufichi. Kama wacheza vya kawaida vya barazani kama mie, ina ladha yake.

Levo ya 7 sasa... hatua moja yaweza kuchukua masaa kumi. Kumi! Juzi nilitoka kuswali isha, nikasogeza askari wangu wa mbele ya mfalme, nikaiacha iwaze nikalala. Saa nane umeme ukapotea mtaa mzima, feni ikazima nikaamka kwa joto, betri ya laptopu yangu ni ya dakika ishirini ikijitahidi, nami nimekaa gizani natazama zile rangi zikibadilika nikiiomba ijibu. Haikujibu. Ikazima na mawazo yake yote.

Ami naye kila nikipita ananiuliza, "yule mzee wako ashacheza?"

Leo nimeazima betri kubwa kwa jirani anayeuza vifaa vya sola, nimesogeza askari yuleyule. Saa hii ni saa saba usiku, skrini iko zambarau.