Google Calendar kwa tarehe za bima na leseni za gari: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Nina magari mawili hapa Morogoro: IST ya nyumbani na Hiace ya daladala, ruti ya Kihonda na mjini. IST haina mambo mengi. Tangu ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, tarehe kubwa ya kuchunga imebaki ya bima. Mlolongo uko kwenye Hiace: bima ya biashara, leseni ya usafirishaji ya LATRA (mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu), ukaguzi wa gari, leseni ya dereva. Kila karatasi ina siku yake ya kufa.

Kwa muda mrefu nilimtegemea wakala wa bima. Ikikaribia kuisha ananipigia, namtumia hela, ananiletea. Mwaka 2022 akawa ameacha kazi hiyo na simu haikuja. Mimi nilikuwa nimeandika ukutani "bima, 14 Juni", kwa kuwa mwaka uliotangulia niliikata tarehe hiyo. Asubuhi ya tarehe 14 dereva akanipigia: "Mama, trafiki ametusimamisha, anasema bima imeisha jana." Nikabisha. Nikaingia TIRA MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, nikaandika namba ya gari. Mwisho wake 13 Juni. Trafiki alikuwa sahihi. Bima ya mwaka mmoja iliyoanza tarehe 14 hufikia mwisho usiku wa tarehe 13, na mimi nilikuwa nimechukua siku ya kulipia nikaifanya siku ya kuisha.

Abiria walishushwa wote, na hesabu ya siku hiyo ikapotea. Lakini kilichonikaa moyoni ni kingine. Dereva alikuwa ameshapiga tripu mbili kabla ya kusimamishwa, gari limejaa wanafunzi na akina mama wanaokwenda sokoni. Bima ndogo ipo kwa ajili ya watu kama hao, ili mtu akiumizwa na gari lako awe na pa kudai. Kwa saa kadhaa nilikuwa nimewabeba watu wale bila hiyo kinga. Jioni ile ile nikaanza kutumia Google Calendar, programu ya kalenda ambayo ilikuwamo kwenye simu siku zote na sikuwahi kuifungua.

Ninavyoitumia ni hivi. Karatasi ikifika mkononi, kabla haijaingia kwenye faili, naandika tukio kwa tarehe iliyochapishwa kwenye karatasi yenyewe. Jina naliandika kamili: "Bima ya Hiace inaisha", pamoja na namba za mwisho za gari. Kisha naweka arifa kadhaa: wiki nne kabla, wiki mbili, siku tatu. Ile ya wiki nne ni ya kutafuta hela, ya wiki mbili ni ya kulipia. Ya siku tatu siipendi kuiona, maana ikilia kabla sijalipa ujue nimezembea. Picha ya karatasi naipiga na kuiambatisha kwenye tukio hilo hilo, hivyo dereva akiulizwa kitu barabarani namtumia kwa WhatsApp hapo hapo.

Mpangilio wa tarehe pia umenisaidia kuliko nilivyotegemea. Nikienda kuhuisha leseni ya LATRA nahitaji bima iliyo hai na ukaguzi uliokwisha kufanyika. Zamani vyote vilikuwa vinanikuta wiki moja, nakimbizana na control number (namba za malipo) tatu kwa mpigo. Sasa ukaguzi nauwekea tukio lake, mwezi mmoja na nusu kabla ya leseni, ili kama gari likionekana lina kasoro fundi apate nafasi ya kufanya kazi yake vizuri. Breki za gari la abiria hazitakiwi kutengenezwa kwa haraka ya kuwahi stempu.

Programu ni ya bure, na arifa zikishaingia kwenye simu zinalia hata bando likiisha. Simu yangu iliharibika mwaka jana. Niliingia kwenye simu mpya kwa akaunti ile ile, tarehe zote zikarudi.

Kuna mambo nimelazimika kuyazunguka. Arifa haiwezi kuwekwa mbele zaidi ya wiki nne, kwa hiyo leseni ya dereva, ambayo hudumu miaka mitano na ndiyo inayosahaulika kirahisi, nimeitengenezea matukio mawili, moja likiwa miezi mitatu kabla. Pia nawasihi msitumie kile kipengele cha kujirudia kila mwaka. Nilikitumia mwanzoni. Ukilipa bima siku tano baadaye kwa sababu gari lilikuwa gereji, tarehe mpya inasogea lakini kalenda inaendelea kukupa ya zamani. Bora kufuta na kuandika upya. Halafu mlio wake ni mdogo na unapotea katikati ya ujumbe wa vikundi vya WhatsApp, basi nimeubadilisha nikauwekea sauti yake peke yake.

Kwa dereva haikusaidia moja kwa moja, maana anatumia kitochi, simu ndogo isiyo na programu kama hizi. Kila Jumapili jioni tukikaa kwenye hesabu namsomea tarehe za mwezi unaokuja, naye anaziandika kwenye daftari lake la safari. Yeye ndiye anayesimamishwa, ana haki ya kujua kama mimi.

Na kalenda peke yake haitoshi. Kila nikikata bima naingia TIRA MIS siku ile ile kuhakikisha namba ya gari inasoma na tarehe zinalingana na nilizopewa. Mara moja tarehe ya kuanza ilikuwa imekosewa, wakala akairekebisha kabla gari halijatoka. Nikiwa bado mtandaoni napitia na TMS ya polisi kuangalia kama gari lina deni la faini.

Arifa ya wiki nne ya Hiace imelia juzi. Hela ya bima nimeshaitenga, na ukaguzi ni Jumatano asubuhi.