Mizani ya jikoni ya kilo 5: uzoefu wangu wa miezi 8 ya kupima chakula ili kupunguza uzito

Nyota 4 kati ya 5. Ninayoizungumzia ni ile mizani bapa ya kidijitali yenye kioo juu, inayobeba hadi kilo 5, inayosoma kwa gramu moja moja na kutumia betri mbili za AAA. Nyota moja nimeikata kwa kasoro nitakayoieleza chini. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kupungua ningemwambia aanze na kifaa hiki kabla ya kutoa hela yake kwenye chai za kusafisha tumbo au poda za kukoroga.

Ubishi wa kukata wanga au kukata mafuta umewachosha wengi, na majibu yake yapo. Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo mwaka 2018 baada ya kufuatilia watu 609 kwa miezi 12. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, na kitakwimu hiyo si tofauti. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1992, ulichunguza watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama kawaida. Kilichokosewa ni makadirio: walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walichoandika. Jicho halipimi chakula vizuri, na mizani inafaa hapo.

Anza na mafuta ya kupikia. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, wakati wanga na protini zina 4 kila moja. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama gramu 14, yaani kalori 120 hivi, na mboga ya familia inaweza kumeza vijiko vinne bila mtu kushtuka. Namna ya kupima: weka chupa ya mafuta juu ya mizani, bonyeza kitufe cha TARE isome 0, chukua chupa ukamimine, kisha irudishe. Ikisoma −32, umemimina gramu 32, kalori 288. Njia hiyohiyo ya kupima inafaa kwa asali, sukari na siagi ya karanga, na huchafui bakuli lolote.

Kasoro niliyoikatia nyota iko hapa. Mizani yangu hujizima baada ya dakika 2. Ukichelewa jikoni, unarudisha chupa na kukuta namba imepotea. Dawa yake ni kuandika uzito wa chupa kwenye simu kabla ya kumimina, halafu unatoa mwenyewe.

Kwa vitu vya kuzamisha kwenye mafuta, kama maandazi na samaki, pima mafuta na karai kabla ya kuwasha moto, kisha pima tena yakishapoa kabisa. Pungufu ndiyo iliyoingia kwenye chakula, ukiacha kidogo kilichoruka.

Chapati ndizo zinazowashangaza watu zaidi. Unga wa ngano gramu 500 una kalori kama 1,820. Tia mafuta gramu 40 kwenye donge na gramu 60 za kuchomea, unaongeza 900. Jumla 2,720. Ukitoa chapati 10, kila moja ni kalori 272, na theluthi yake ni mafuta. Ukitaka kupunguza, punguza ya kuchomea: pakaza kwa brashi badala ya kumimina kwa kijiko. Unga ule ule, chapati zile zile, na gramu 60 zinaweza kushuka hadi 25. Kila chapati inapungua kalori 31 au 32.

Ugali unapimwa kwa sufuria. Pima sufuria tupu. Tuseme gramu 640. Pima unga utakaousonga, wote, pamoja na ule wa kuongezea. Tuseme gramu 400, kalori kama 1,440. Ukishaiva, pima sufuria na ugali ndani kabla ya kupakua. Ikisoma 1,800, ugali ni gramu 1,160, hivyo kila gramu 100 zina kalori 124. Kipande cha gramu 300 ni 372. Ugali laini una maji mengi zaidi, kwa hiyo usichukue namba ya jirani yako.

Kosa la kawaida kwenye wali ni kuchanganya mbichi na uliopikwa. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 360. Gramu 100 za wali mweupe ni kama 130, kwa sababu maji yameingia. Ukipima wali gramu 200 ukauandika kama mchele, umejiongezea kalori 460 hewani. Wali wa nazi uhesabu na tui lake. Kalori za tui la kwanza si chache.

Mizani yenyewe ina mambo yanayoharibu usomaji. Usiweke sufuria ya moto moja kwa moja, joto linayumbisha kipimo na linaweza kuua kioo, tanguliza ubao. Meza iwe tambarare na ngumu, si kitambaa kinene. Kitufe cha vipimo kikiguswa kwa bahati mbaya mizani inahamia aunsi, na aunsi moja ni zaidi ya gramu 28. Kipimo cha mililita kimetengenezwa kwa maji: mililita 100 za mafuta ya kula ni kama gramu 92 tu, kwa hiyo baki kwenye gramu. Chumvi au viungo vya chini ya gramu 5 isikusumbue, haivipimi vizuri. Kuikagua, pima maji yaliyojaa chombo cha lita 1 kilichopimwa vizuri, baada ya kufuta uzito wa chombo. Isome karibu na 1,000.

Lengo la siku lipate kwa hesabu. Mwanamke wa kilo 80, sentimita 160, miaka 35: 10 × 80, jumlisha 6.25 × 160, toa 5 × 35, toa 161. Inakuja 1,464, kalori ambazo mwili unatumia kwa siku ukiwa umepumzika tu. (Kwa mwanamume, mwishoni jumlisha 5 badala ya kutoa 161.) Zidisha kwa 1.4 kama kazi ni ya kukaa: 2,050. Toa 500 ili upungue, lenga 1,550. Protini ishikilie kwenye gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili ili misuli isiondoke na mafuta. Maharage yaliyoiva gramu 200 yanakupa kama 17, mayai mawili 12.

Wiki ya kwanza mtu aliyeacha wanga anaweza kushuka kilo 2 na kushangilia. Sehemu kubwa ni maji: kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa mwilini hushikilia kama gramu 3 za maji. Linganisha wastani wa uzito wako wa wiki na wiki.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aongee na daktari kwanza, kwani kupunguza chakula bila kurekebisha dozi kunaweza kumwangusha. Mjamzito asifanye hesabu hii, na aliyewahi kuugua kwa kujinyima kula aiache kabisa mizani.

Baada ya wiki sita za kupima kila kitu, sasa napima vinne tu: mafuta, karanga, mchele na unga. Mchicha na sukuma wiki navipakua nipendavyo, ila mafuta ya kukaangia yanapita kwenye mizani kwanza.