Unaunda sefesi grinda mwenyewe? Soma hapa kabla hujanunua cha kuvutia meza

Visu vya randa vya fundi mmoja wa Keko, Dar, ndo vimenifanya niandike hii. Nilivinoa kwenye sefesi grinda niliyoiunda mwenyewe, yaani mashine ya kusaga chuma kiwe bapa, meza inabeba kazi na kwenda na kurudi chini ya jiwe: kitanda cha lethi kuukuu, meza ya chuma cha kumimina, jiwe la inchi 7, vikatoka vinang'aa nikajua nimemaliza kazi. Kesho yake karudi navyo, kaviinamisha dirishani kwenye mwanga, ananiambia "dada, hivi vimistari ni vya nini?" Kutazama, kweli, vimistari vimekatiza kisu vimepangana kama ngazi. Nikaweka rula, kila milimita 12 na nusu hivi. Basi umbali huo ndo wa jino hadi jino kwenye raki niliyofunga chini ya meza ili kuivuta, ule mwamba wenye meno kama wa mageti ya mota, modyuli 4 (saizi ya meno). Dukani nilihakikishiwa inavuta chochote. Na kuvuta inavuta.

Watu wakitafuta cha kuvutia meza wanauliza nguvu, spidi, bei. Hayo mie siyagusi, meza ya kilo 35 haikosi mota. Swali ni moja tu: hicho kitu kinavuta, au kinavuta huku kinanyanyua? Jino la gia limelala nyuzi 20, kwa hiyo ukisukuma kwa nguvu ya kilo 10, kilo 3 na nusu na ushee zinaenda juu. Meza iliyokaa kwenye reli ya V kwa uzito wake tu inainuka, na kwa vile pinioni, ile gia ndogo inayosukuma raki, iko upande mmoja inainuka upande. Nilisimamisha daili geji, kile kipimo cha sindano, juu ya meza, jiwe limezimwa, nikazungusha gurudumu la mkono taratibu. Sindano inapanda inashuka, inapanda inashuka, kila jino karibu alama nzima, yaani 0.01 mm. Kwa mchomelea geti hiyo si kitu, ila kwenye grinda hicho ndo kina chenyewe unachokata kwa mpito mmoja!

Namba moja kwangu ni taimingi belti, yaani mkanda wa meno, na sifichi, naipenda ya kampuni ya Gates. Unabana ncha zote mbili kwenye meza, puli inakaa katikati na viroli viwili pembeni vya kuukandamiza mkanda ushike meno ya kutosha. Inavuta mlalo tu, hakuna cha kunyanyua, mradi belti iwe sambamba na reli maana ukiifunga mshazari umerudi kulekule. Mie natumia HTD 5M (jino hadi jino milimita 5) ya upana wa milimita 15 na puli ya meno 20, mzunguko mmoja meza inaenda milimita 100, kwa hiyo hata ukitaka mita 15 kwa dakika mota inazunguka mara 150 tu, stepa mota, ile inayozunguka kwa hatua ndogondogo, inaifikia bila kelele. Na meza inapogeuka mpira unakula ule mshtuko. Nilivinoa tena vile visu bure, vimistari hakuna.

Namba mbili haidroliki. Inateleza vizuri kuliko zote, hilo siwezi kubisha, ila mafuta yakipata moto na tanki liko ndani ya kitanda, kitanda kinapinda na vipimo vya asubuhi sio vya mchana. Weka tanki chini, mbali na mashine. Halafu andaa hela.

Namba tatu boli skruu, ile skruu ya nati yenye gololi, ambayo wengi ndo wanaikimbilia. Ile 1605 (kipenyo 16, hatua 5) inasogea milimita 5 kwa mzunguko, mita 15 kwa dakika maana yake mizunguko 3,000, na skruu ndefu kwa spidi hiyo inaanza kupepesuka na mtikisiko wote unauona kwenye kazi. Vumbi la jiwe nalo likiingia kwenye gololi ni msasa. Ifunge kwenye kushusha jiwe, huko iko sawa kabisa.

Raki ya mwisho. Kama una reli za HIWIN zinazoshika meza juu na chini nafuu ipo, ila meno utayasikia tu. Mota ya wiper na krenki inafanya kazi, safari ni urefu uleule na katikati inakimbia. Waya wa chuma unavuta safi, unafumuka mapema.

Sasa wauzaji wa belti, jamani. Duka moja nimetajiwa 18,000, la pili belti ileile 45,000, na jamaa hata hakuinua macho. Lakini bei ningevumilia. Kilichoniuma ni yule aliyenipa XL, aina nyingine ya belti ya meno, akasema ni 5M, "zote ni moja dada, meno si yanafanana?" Hayafanani! XL meno yake yana kona, HTD ni ya mviringo, na nafasi ni 5.08 badala ya 5 kamili. Nilifunga nikaona inakaa kidogo, nikawasha, ikaruka meno kwenye puli hadi mpira ukachunika, na kurudisha akakataa eti imeshatumika. Nenda na kaliba. Nyoosha belti palepale kaunta, pima nafasi 10, toka kilele cha jino la kwanza hadi kilele cha jino la 11: ikisoma 50 chukua, ikisoma 50.8 mwachie mwenyewe.